KILA PIGO LINA JIBU LAKE

Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotangaza kwenye paredi kwamba anataka makala za jarida la mwaka huu, wenzangu wengi walikimbilia mada za heshima: umuhimu wa elimu, utunzaji wa mazingira, madhara ya dawa za kulevya. Mimi nilinyamaza jii. Jambo nililotaka kuandika lilikuwa ni gemu za vita, na nilihofia kuonekana mtu asiyependa masomo. Hata hivyo, msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Wanafunzi wenzangu, nanyi walimu wangu wapendwa, naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanihukumu.

Kwetu ni Kamenu, hapa Thika. Anayeijua Kamenu anazijua nyumba zake za kupangisha zilizobanana, kamba za nguo kila roshani, akina mama mboga kando ya njia na boda boda zinazopita zikipiga honi utadhani kuna harusi kila siku. Karibu na ploti yetu kuna banda la mabati. Ndani mna televisheni nne kuukuu, PlayStation 2 nne ambazo vifuniko vyake vimefungwa kwa raba, mabenchi mawili ya mbao na joto la kuivisha ndizi. Mwenye banda hutengeneza redio na simu pia, kwa hivyo sote humwita Fundi. Binti yake, mtoto wa kama miaka 12, huketi mlangoni siku za likizo akikusanya sarafu katika mkebe wa Kasuku.

Kanuni ya banda ni moja tu: mechi ni shilingi kumi, na anayeshindwa ndiye anayelipa. Mshindi hubaki kwenye benchi bila kutoa hata ndururu, na anayefuata kwenye foleni huja kumtoa. Mnaona basi, pale ndani ujuzi ulikuwa ni pesa. Kijana hodari angeweza kuingia na kumi bob saa nane mchana, akatoka saa kumi na mbili jioni na ile ile kumi bob mfukoni.

Gemu iliyotawala banda lile ilikuwa Tekken 3. Kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Tekken ya kwanza mwaka 1994. Hii ya tatu ilitoka mwaka 1997 kwenye mashine za kumbi za michezo, kisha mwaka 1998 kwenye PlayStation. Kwa hivyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko vijana wote waliokuwa wakiigombania, lakini hakuna aliyejali. Ng'ombe hazeeki maini.

Likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili, mimi ndiye niliyekuwa mfalme wa banda. Siri yangu ilikuwa mtu mmoja anayeitwa Eddy Gordo. Huyu ni Mbrazili apiganaye kwa capoeira, ule mtindo wa mapigano unaofanana na ngoma, ulioanzishwa Brazili na watumwa waliotoka huku kwetu Afrika. Eddy huzunguka kama pia, miguu juu, kichwa chini, na uzuri wake ni kwamba hata asiyejua lolote akifinyanga tu vile vitufe viwili vya mateke, Eddy hucheza kama fundi aliyebobea. Basi nami nilifinyanga. Nilifinyanga hadi kidole gumba kikaota sugu. Wenzangu walianguka mmoja baada ya mwingine kama maembe ya msimu. "Manze, huyu jamaa hashikiki!" walisema. Nami nilivimba kichwa, nikaanza kutembea mabega juu kama niliyeshinda ubunge.

Lakini nikiri jambo hapa. Raha ile ilianza kuchujuka. Nilikuwa nikishinda bila kujua ni kwa nini ninashinda. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nikipiga miayo katikati ya mechi.

Alasiri moja mvua ilinyesha na banda likawa halina watu. Yule mtoto wa Fundi akaweka mkebe wake chini, akaja akaketi kando yangu.

"Kaka, nicheze na wewe moja?"

"Utalipa?" nilimuuliza kwa dharau.

"Nikishindwa nitalipa."

Alimchagua Paul Phoenix, yule jamaa ambaye nywele zake zimesimama wima kama ufagio. Nikacheka kimoyomoyo. Mechi ilipoanza nilimrushia Eddy mzima mzima: teke la chini, teke la chini, mzunguko, teke la chini tena. Teke la kwanza lilimpata. La pili lilimpata. La tatu, Paul alichutama na kulizuia. Eddy akabaki pale chini, miguu imetawanyika, hawezi kuinuka kwa wakati. Kabla sijapepesa jicho, Paul akamtandika ngumi moja nzito iliyomtupa mbali.

Nikarudia. Akachutama, akazuia, akatandika. Nikarudia tena. Akachutama, akazuia, akatandika. Lo! Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Nilishindwa raundi tatu kwa sufuri. Tulicheza mechi sita siku hiyo na nikalipa zote sita. Yule mtoto hakucheka wala hakunidhihaki. Alirudi tu kwenye kiti chake mlangoni, akadondosha sarafu zangu mkebeni moja moja: ti, ti, ti. Mlio ule ulinichoma kuliko matusi.

Kesho yake habari zilikuwa zimeenea mtaa mzima. "Umepigwa na katoto!" Kila aliyekuwa nimemtoa kwenye benchi sasa alijua dawa yangu: kuchutama na kungoja. Ufalme wangu ukaisha hivyo. Nami, badala ya kujiuliza nimekosea wapi, nilikasirika na kuamua kuhama banda.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloona haya kuliandika. Nyuma ya duka moja, ambalo sitalitaja, kulikuwa na mashine ya kamari. Ni zile mashine za kutumbukiza sarafu ya shilingi ishirini, taa zikazunguka, na wewe ukaomba zisimame penye bahati yako. Mwaka 2018 serikali ilizifanyia msako mkali na nyingi zikateketezwa, lakini hii ilikuwa imejificha nyuma ya pazia la gunia. Sheria inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Aliyekuwa pale hakuniuliza umri wangu.

Jioni hiyo Mama alikuwa amenipa shilingi mia nne nimpelekee mwanamke anayemletea sukumawiki kila alfajiri. Mama ana meza yake ya mboga kando ya njia. Ndiyo inayotulipia kodi, na ndiyo inayonilipia karo katika shule hii. Nilijiambia nitacheza ishirini moja tu. Taa zikazunguka, nikapata arobaini. Moyo ukapiga paa! Nikacheza tena. Baada ya kama nusu saa nilikuwa nimesimama nje ya lile pazia, jasho likinitiririka njia mbili mbili, bila hata shilingi moja mkononi.

Nilimweleza Mama ukweli usiku huo, kwa kuwa sikuwa na uongo wa kutosha. Nilitarajia kofi. Hakunipiga. Alinitazama kwa muda mrefu, akageukia jiko, akasema, "Haya. Kula ulale." Asubuhi nilipopita njiani niliona meza yake ikiwa na nyanya chache za jana na vitunguu, basi. Wateja walikuwa wakiuliza, "Mama, leo hakuna sukuma?" naye akijibu, "Leo haikuja." Alinihifadhia aibu yangu mbele ya watu. Wasomaji, afadhali kofi.

Nilikwenda kwa Fundi kuomba kazi. Nilimweleza kisa chote. Alikuwa amefungua redio, bisibisi mkononi, naye hakuinua kichwa hadi nilipomaliza. Akakubali kunilipa hamsini kwa siku nifagie banda, nichote maji na kupanga foleni. Mia nne, hamsini kwa siku: siku nane. Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

"Kijana wangu, ulipopigwa na huyu mtoto, ulijua umepigwa kwa nini?"

"Ndio, Fundi. Nilirudiarudia teke la chini, naye akalijua."

"Sawa. Na ile mashine ilipokula pesa ya mama yako, ilikula kwa nini?"

Nilifungua kinywa, nikakosa la kusema.

"Huwezi kujua," alisema. "Haina cha kujulikana. Ile imepangwa mwenyewe asipate hasara. Ucheze mwaka mzima, hutakuwa hodari kuliko siku ya kwanza. Lakini huku ukishindwa kuna sababu, na sababu unaweza kuitafuta."

Siku zile nane ndizo zilizonifundisha Tekken. Nilifagia, nikachota maji, na watu walipopungua yule mtoto alinifundisha. Nilishangaa kuona jinsi mchezo ule ulivyoundwa kwa akili. Hebu niwaeleze kidogo, hata kwa asiyewahi kushika padi.

Kwanza, vitufe. Katika Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, kuna vitufe sita: ngumi tatu na mateke matatu, kuanzia jepesi hadi zito. Waliounda Tekken waliamua tofauti. Vitufe ni vinne, na kila kimoja ni kiungo kimoja cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Kwa hivyo mkono wako unajua unachofanya mwili ule kwenye skrini.

Pili, mapigo yana kimo. Kuna pigo la juu, la katikati na la chini. Ukisimama na kujikinga, unazuia la juu na la katikati, lakini la chini litakupata. Ukichutama na kujikinga, unazuia la chini, na lile la juu hupita hewani juu ya kichwa chako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Lakini ukizoea kuchutama, pigo la katikati litakukuta hapo hapo chini. Na ukizoea kusimama na kujikinga tu, kuna mkamato: mpinzani anakukamata na kukubwaga, kinga au hakuna kinga. Dawa ya mkamato ni kuchutama, au kubonyeza kitufe kinachofaa kwa wakati ili ujinasue. Tena Tekken 3 iliwapa wapiganaji wote uwezo wa kuingia pembeni, ili pigo la mbele lipite bure. Mnaona? Hakuna pigo lisilo na jibu, wala hakuna jibu lisiloweza kujibiwa.

Tatu, na hili ndilo lililoniua mimi, kila pigo lina bei yake. Picha za gemu hii hubadilika mara 60 kwa sekunde moja. Ngumi nyepesi huchukua picha kama 10 hivi kufika, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Pigo kubwa huchelewa zaidi, na likizuiwa, aliyelitupa hubaki ameduwaa kwa muda mfupi asiweze kujikinga. Muda huo ndio yule mtoto alikuwa akiungojea. Yale mateke yangu ya chini yalikuwa mkopo, naye alikuwa akija kudai.

"Kaka, unajua shida yako?" aliniambia siku ya tatu. "Unapiga tu. Hungoji."

"Sasa nikingoja si nitapigwa?"

"Utapigwa kidogo. Lakini utaona anapenda nini. Kila mtu ako na kitu anapenda kurudia."

Maneno hayo niliyafanyia majaribio. Nilianza kuwatazama wachezaji badala ya kuitazama skrini. Kijana wa boda boda hupenda kukamata kila anapokaribia ukutoka kuanguka. Kinyozi wa jirani hurusha ngumi tatu za juu kila akipaniki. Mwenzangu mmoja wa darasa, ambaye anajijua, huruka mbele kila raundi inapoanza. Nilipoyaona hayo, mchezo uligeuka kabisa. Sikuwa tena nikipigana na Paul wala Yoshimitsu. Nilikuwa nikipigana na kinyozi, na kinyozi alikuwa akijaribu kunisoma mimi. Mara nampa anachokitarajia mara mbili, ya tatu nambadilishia. Jamani, raha ya kumwona mtu amechutama akingoja teke la chini, nawe ukamletea pigo la katikati, siwezi kuilinganisha na kitu kingine. Hata miayo ilikoma.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi anayoifanya Eddy Gordo ndani ya mchezo. Yeye ni karibisho la mgeni. Mgeni akiketi mara ya kwanza, lazima apate raha kidogo, la sivyo hatarudi. Lakini raha hiyo wameiwekea kikomo: atakapokutana na mtu anayengoja, atalazimika kufikiri. Mchezo ambao kufinyanga kunatosha huchosha kwa wiki mbili, kama ulivyonichosha mimi. Nao mchezo ambao mgeni hapati chochote humfukuza siku ya kwanza. Huu ulinipokea nikiwa mjinga, kisha ukakataa nibaki mjinga.

Nilipokwenda kumtembelea Guka huko Gatanga nilimsimulia haya. Alicheka akasema hakuna jipya. Ujanani mwao walichimba vishimo ardhini wakacheza giuthi kwa mbegu, na aliyeshindwa alijua ni hesabu gani iliyomponyoka. Nikakumbuka bao wachezalo ndugu zetu wa Pwani: vishimo 32, kete 64, zote ziko wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili. Hakuna kilichofichwa ndani ya sanduku lenye taa. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako, na unaweza kuinuka ukaenda kuifikiria.

Msidhani pia kwamba ujuzi huu huishia kwenye banda la mabati. Mwaka 2018 Mkenya mwenzetu, Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani kucheza Tekken 7. Wakati huo alikuwa akisomea sheria chuo kikuu, kwa hivyo asiseme mtu kwamba padi na kitabu haviwezi kukaa mkoba mmoja. Mwaka 2019, kijana wa Pakistani aitwaye Arslan Ash aliwashinda mabingwa wa Tekken kwenye mashindano ya EVO nchini Japani, kisha akawashinda tena kwenye EVO ya Las Vegas mwaka huo huo. Wengi hawakumtarajia mtu kutoka kwao. Mchezo wenye majibu haumuulizi mtu anatoka wapi.

Siku ya nane Fundi alinilipa hamsini ya mwisho. Nilimpelekea Mama mia nne kamili. Alizihesabu, akazifunga kwenye kona ya leso, akaniuliza, "Ulifanya kazi gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Kesho uamke mapema tubebe sukuma." Nilijua nimesamehewa. Hadi leo siku za likizo mimi ndiye ninayebeba gunia lile.

Jioni ya siku hiyo hiyo nilimwomba yule mtoto mechi. Safari hii nilimwacha Eddy, nikamchukua Law. Raundi ya kwanza aliichukua. Ya pili nilichutama chini ya ngumi yake ya juu, nikamrusha hewani, nikaishinda. Watu wakaanza kusogea. Ya tatu ikawa yake, ya nne ikawa yangu. Raundi ya tano kila mmoja alibakiwa na damu kidogo tu. Tulisimama tukitazamana kwenye skrini, hakuna anayepiga, banda zima kimya, hata mvua ingesikika. Nilimsoma. Nilijua anapenda kuchutama akingoja. Nikaleta pigo la katikati. Naye alikuwa amejua kwamba nimejua: akaingia pembeni, pigo langu likapita hewa tupu, na Paul akanitandika.

Banda lililipuka kwa kelele. Nilitoa kumi bob yangu nikaidondosha mwenyewe mkebeni: ti. Nilikuwa nikicheka kama mwendawazimu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ushindi wangu wote na Eddy, tena mamia yake, sikumbuki hata mmoja. Mechi ile niliyoshindwa ninaweza kuwasimulia pigo kwa pigo.

Wanafunzi wenzangu, siwaambii mwende mkakae kwenye mabanda ya gemu. Masomo kwanza, na pesa ya mama ni ya mama. Ninalosema ni kwamba mnapotaka kujua kama mchezo fulani unastahili muda wenu, jiulizeni swali la Fundi: nikishindwa, nitajua ni kwa nini? Kama jibu ni ndiyo, chezeni kwa kiasi, mtatoka na kitu kichwani. Kama jibu ni hapana, shikilieni mifuko yenu, mwondoke. Nanyi walimu wetu, mkimkuta mwanafunzi akizungumza juu ya Tekken baada ya chakula cha mchana, msimkaripie mara moja. Muulizeni kwanza anamsomaje mpinzani wake. Pengine atawapa jibu ambalo hamkulitarajia.

Wiki jana nilipita kwa Fundi, nikacheza moja na binti yake, nikashindwa tena. Nilirudia ngumi ya juu mara mbili.